Mzee Hatua na Anwani ya Nyuma ya Jiko

Baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne ya kazi, tarehe thelathini mwezi huu Mzee Hatua anafunga droo yake na kurudisha funguo. Nimeombwa niandike mimi, mama wa chai, kwa sababu wasomi wa ofisi hii wana kazi nyingi. Kazi zenyewe nazijua, maana vikombe vyao naviosha mimi.

Alianza kama fundi wa majiko ya gesi kwenye chumba cha chini. Wateja walimpigia simu yeye badala ya ofisi. Alipochoka kurudia maneno yaleyale, akaomba kompyuta iliyokuwa inatupwa, akafungua blogu ya kampuni. Kila makala yake inaanza "Hatua ya kwanza", na jina likamganda hapohapo. Ameandika makala mia sita na kumi na mbili. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hakuna hata moja iliyonishinda kusoma. Anwani ya blogu hiyo ikagongwa kwenye kibati nyuma ya kila jiko tunalouza.

Mwaka jana kampuni ikajipa jina jipya, basi ikataka na anwani mpya na seva mpya, yaani kompyuta ya kuitunzia blogu. Wakaja wataalamu watatu, vitambulisho vinaning'inia shingoni, wakajifungia ukumbini siku tatu na kumaliza birika saba za chai. Mzee Hatua aliingia kuuliza jambo moja tu: mtu mwenye jiko la zamani akiandika anwani ya zamani, atafika wapi? Mkubwa wao akamjibu, "Mzee wangu, mambo haya yana wenyewe." Ijumaa wakahamisha blogu, wakaizima seva ya zamani, wakakata keki. Mzee hakuitwa. Nilimpelekea kipande changu.

Jumatatu saa nne asubuhi binti yangu akanipigia. Jiko linanuka gesi, ametoka nje na mtoto mgongoni, ameandika anwani ya kwenye kibati, simu inamwambia ukurasa haupo. Niliingia ukumbini, walimokuwa bado, bila hodi. Na yule mkubwa wa vitambulisho akanigeuzia kompyuta yake: "Mbona kwetu inafunguka, mama? Labda simu ya binti yako ni mbovu."

Mzee Hatua, aliyenifuata nyuma, alishaichukua simu mkononi mwangu. "Mwanangu, mtungi uko wapi? Nje, kibarazani? Vizuri. Usiingie ndani, usiguse swichi ya taa. Zungusha kichwa cha mtungi kwenda kulia mpaka kigome. Kimegoma? Haya, kaeni mbali na nyumba, wewe na mtoto, majirani waambie wasiwashe moto."

Ndipo akawageukia wale mabwana. "Kompyuta zenu zimeshafungua blogu hii mara mia. Zinawaonyesha nakala za zamani zilizobaki tumboni mwao. Kajaribuni kwa simu ambayo haijawahi kufika huko." Watu watatu, vyeti vyao vinajaza ukuta, na hilo halikumjia hata mmoja.

Jioni wakatengeneza, kwa namna yao. Anwani zote za zamani wakazielekeza kwenye ukurasa wa mbele wa blogu mpya. Yaani nyumba inanuka gesi, wewe unaonyeshwa picha ya mwanamke anaichekea sufuria tupu. Hongereni sana.

Mzee hakugombana. Siku tisa alikaa na makala zake, mojamoja, kila ukurasa wa zamani akiuelekeza kwa mwenzake mpya. Mimi nilijaribu kwenye simu ya mlinzi, ambayo ilikuwa haijafungua chochote isipokuwa mpira, Mzee anatia alama. Na alivyonitesa! Nikisema imefunguka, anauliza, "Imefunguka ipi, mama? Nisomee mstari wa kwanza." Ile ya gesi kuvuja tulikuta ameielekeza kwenye kuoka mikate. Alijicheka mpaka akavua miwani.

Kumbe bado. Usajili wa anwani ya zamani ulikuwa unaisha mwezi ujao, na uongozi ukasema hauna haja nayo tena, eti watu watazoea. Watazoea nini, kunusa gesi? Majiko yenye vibati vya zamani yako kwa watu kwa maelfu, na la binti yangu ni mojawapo. Anwani ikifa, kazi yote ya siku tisa imekufa nayo. Hilo lilininyima raha hata nikiwa napiga deki.

Kamati ya kuaga ilimuuliza Mzee anataka zawadi gani, saa ya ukutani au sofa. Akasema anataka sahihi kwenye fomu ya kuihuisha ile anwani. Mkurugenzi alicheka, kisha akaona Mzee hacheki. Fomu ilikaa mezani kwake siku kumi na moja, chini ya kalenda. Kila asubuhi nikifuta meza niliitoa nikaiweka juu, na kila asubuhi niliikuta imerudi chini. Jana ametia sahihi. Miaka kumi mingine ya anwani! Niliiona kwa macho yangu, wino ukiwa haujakauka.

Basi Mzee wetu, asante kwa kutuandikia maneno ambayo mtu mwenye hofu anaweza kuyafuata. Sisi sote tunakuombea afya, usingizi wa mchana usio na simu, na wajukuu wasikivu. Binti yangu anakusalimu sana. Nimemwacha anapika.