Yordani Deogratius Mhina, Aliyefungwa Kabuku

Marehemu Yordani alizaliwa Mnyuzi, Korogwe, tarehe 14 Machi 1987, mtoto wa pekee wa Deogratius Mhina na Grasiana. Alizaliwa na hali ya Down. Baba yake, mkata mkonge, alifariki mwaka 1990, shamba likiwa limeshaanza kupunguza watu.

Alichelewa kutembea, lakini alimchekea kila mtu na kuita "mama". Alipofika miaka minne maneno yakakatika. Akawa hamtazami mtu usoni, anapepea vidole mbele ya macho, akiguswa anapiga kelele. Shule ilimrudisha wiki ileile aliyoanza. Baba yake mdogo, Ernesti, akasema mbele ya ukoo, "Watoto wa namna hii wote ni wachangamfu. Huyu kaharibiwa na mama yake." Grasiana aliyameza hayo mpaka mwaka 1996, daktari mmoja alipomwambia, "Mama, mtoto ana hali mbili. Ya pili inaitwa usonji. Hukumharibu wewe." Alilia kwa hasira.

Kazi ya Yordani ilikuwa kupanga machungwa ya mama yake stendi ya Mombo. Abiria akichomoa la katikati alinyang'anywa, chungwa likarudi mahali pake, naye akapewa la pembeni. Wateja walimpenda kwa hilo.

Mwaka 1998 Grasiana alilazwa kwa upasuaji, Ernesti akamchukua Yordani kwake Kabuku, Handeni. Mama alipotoka alimkuta kwenye banda la mbuzi, amefungwa mikono kwa kamba ya mkonge, ngozi imechubuka.

"Kelele zake zinanifukuzia wateja dukani," alisema Ernesti.

Grasiana aliikata kamba, akaondoka nayo. Jumapili ambayo Ernesti alikuwa anasimikwa mwenyekiti wa kigango, Grasiana alipita katikati ya kanisa akamvika kamba ile shingoni.

"Mwenyekiti wenu kasahau mali yake. Muulizeni alimfunga nani nayo."

Ernesti hakusimikwa, siku ile wala baadaye. Grasiana hajaomba radhi, na ametaka isomwe hivyo.

Moyo wa Yordani ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa. Nimonia ilimchukua tarehe 9 Juni 2002, mkono wa mama yake ukiwa kando yake bila kumgusa, kama alivyopenda.

Ameacha mama yake, bibi yake Mwanaidi, na mama yake mdogo Edna, msomaji wa wasifu huu. Ernesti yupo hapa, amesimama kule nyuma. Hayumo kati ya walioachwa, kwa kuwa yeye alimwacha Yordani kwanza. Jana alileta shada na kuomba atupe udongo. Grasiana alimjibu, "Shemeji, mikono hiyo ilishamgusa mwanangu. Inatosha."

Bwana amlaze Yordani kwa amani. Mama yake ameagiza yeye mwenyewe asiombewe amani kwa sasa.