Ufa wa Nyuma ya Jiko

Mimi umbea sina, na nikiwa ndani ya basi ndiyo kabisa: navaa visikilizio vyangu, mambo ya watu nawaachia wenyewe. Basi dada wa kiti cha mbele, msomi wa miamba, akamwambia mama fundi cherehani aliyeketi naye kwamba amepata ufadhili wa uzamivu. Ng'ambo, miaka minne, kila kitu bure, akachunguze maporomoko ya ardhi. Alivyoyasema hayo, ungedhani anatangaza msiba.

"Hongera, mwanangu. Sasa mbona uso umeukunja?"

"Mama yangu anaishi chini ya mlima, shangazi. Nyuma ya jiko pana ufa. Mwaka jana ulikuwa unaingia kidole, sasa unaingia mkono. Na jibu wanalitaka leo."

"Si umhamishe?"

"Hataki. Anasema hawezi kumwacha baba peke yake kaburini."

Fundi akaguna. "Haya, ukirudi na udaktari wako ukute mlima umeshashuka, utamtibu nani?"

"Na nikibaki, nitauzuia kwa mikono?"

Hapo hata mimi, nisiye na umbea, nikajikuta nimeinamia kiti chao. Dada akageuka ghafla. "Kaka, ungekuwa wewe, ungeenda?"

Nikatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekolewa na muziki.

"Mjibu mwenzio," akasema konda, akiuinua waya wa visikilizio vyangu uliokuwa unaning'inia bila simu. "Tangu upande unawasikiliza wao tu."

Basi likasimama. Hakuna aliyeshuka, wote watatu walikuwa wananitazama.