Historia ya Binti Yetu Futi, Aliyechora Njia ya Makaburini

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wa marehemu na wanafunzi wenzake, naomba mnisikilize kwa utulivu, mimi ni mjomba wake, kaka wa mama yake mzazi, fundi umeme, wengi wenu mmezoea kuniona juu ya ngazi kuliko kunisikia nikisoma karatasi mbele ya watu, lakini kazi hii nimepewa kwa sababu wazazi wake hawataiweza, na mama yake ameniagiza nisome yote kama yalivyokuwa, hata yale yanayotuumbua.

Binti yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 2000, katika hospitali iliyo nyuma ya soko kuu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa shemeji yangu fundi cherehani na dada yangu muuza vitambaa, na jina la Futi alilipata kabla hajaanza shule, kwa maana alikuwa akivizia baba yake aweke chini futi ya kupimia nguo, anaichukua na kwenda kupima milango, meza na miguu ya wageni, mimi mwenyewe alinipima tumbo mbele ya wakwe zangu na kutangaza jibu kwa sauti, na tangu siku hiyo jina likamganda.

Alianza darasa la kwanza Januari 2007 katika shule ya msingi ya hapa mtaani, akaendelea na sekondari mwaka 2014, na Oktoba 2020 akajiunga na chuo kusomea usanifu majengo, masomo ya miaka mitano ambayo sisi wengine tulidhani ni ya kuchora ramani za nyumba basi, mpaka alipoanza kutuweka ndani ya michoro yake, kwa kuwa alikuwa anakata picha zetu na kuzibandika ili mtazamaji ajue ukubwa wa jengo, kwa hiyo wahadhiri wake wameniona mara nyingi kabla ya leo, nimekaa kwenye mabenchi ambayo hayajajengwa, na kila mara bila kuombwa ruhusa.

Kuhusu kazi, marehemu hakuwahi kuajiriwa, ila alifanya kazi, na wenzake wamenisisitizia nisiruke sehemu hii. Mwaka wa pili alipewa mtaa wa kuupanga upya, akachagua kituo cha basi kilicho mbele ya zahanati, akaenda kukaa pale juu ya ndoo ya rangi akiangalia tu, watu wakadhani amefiwa, kumbe alikuwa anatazama abiria wanasimama wapi, akagundua kwamba hakuna anayesimama kituoni, wote wamejibanza chini ya kibaraza cha duka la dawa wakikimbia jua, ndipo akachora kivuli na mabenchi pale watu walipo, si pale kibao cha kituo kilipo. Mwaka wa tatu alipewa jiko la nyumba, akachagua la mama yake, akahamisha dirisha ili mama akiosha vyombo aone nani anaingia getini, na baba yake akaita mwashi ukuta ukabomolewa kweli, dirisha lipo, mkitoka hapa mtalipita, na dada yangu hajafungua pazia lake tangu juzi.

Mwaka wa nne, Novemba 2023, walitakiwa kupanga eneo la wazi, lenye miti, njia na mteremko, na hapa ndipo tulipomkosea. Mnakumbuka tulivyomzika bibi yake mwanzoni mwa mwaka ule, njia ya makaburini ilivyotubana, wabebaji wakalishusha jeneza na kulipitisha kwa ubavu kama kabati, mmoja akateleza, na wazee wetu wakakosa pa kusimama wakasimama juu ya makaburi ya watu, aibu ambayo sisi tuliisahau tulipofika nyumbani na kunawa mikono, yeye hakuisahau, akachagua makaburi hayo, akachora njia ya kupitisha watu sita na jeneza lao mabegani, miti ya kivuli, mahali pa mjane kukaa, na mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasichimbue makaburi ya chini.

Akatengeneza na mfano wake wa kadibodi, akauleta nyumbani akiwa amefurahi, akauweka juu ya meza ya chakula, na kwa mazoea yake alikuwa ametubandika humo sisi sote, mama yake, baba yake, wadogo zake, na mimi, tumesimama makaburini. Dada yangu alipouona alipiga ukelele, akamwambia asituchurie msiba, akamwamrisha autoe ndani ya nyumba yake saa ileile, mashangazi wakaunga mkono, mimi nikauliza chuoni kwao hakuna kitu kingine cha kuchora isipokuwa mauti, na baba yake akainama akaendelea kupiga pasi suruali ambayo ilikuwa imeshanyooka. Futi alimkabidhi mwanafunzi mwenzake mmoja ule mfano auhifadhi, akaenda akachora bustani ya hoteli, akafaulu vizuri tu, na mwalimu wake ameniambia kwamba katika bustani ile hakubandika mtu hata mmoja.

Marehemu hakuolewa wala hakujaliwa mtoto, na mashangazi walipomuuliza ataolewa lini, alikuwa anawajibu kwamba wamtafutie mwanaume asiyeegemea michoro ambayo wino wake haujakauka, akipatikana wampigie simu hata akiwa darasani.

Februari 2024 alianza kuvimba miguu na kuhema akipanda ngazi za chuo, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na madaktari wakatueleza kwamba mlango mmoja wa moyo wake haukuwa unafunga sawasawa, amezaliwa nao hivyo, si kosa la mtu yeyote, si mimba, si malezi. Tulielezwa kwa lugha rahisi na tukaitikia kwa vichwa, lakini tulipofika nje ya geti la hospitali maneno yakawa mengine, ikasemwa kwamba si ndiye aliyechora makaburi, ikasemwa kwamba alijiitia kifo mwenyewe, na maneno hayo hayakuishia getini, yaliingia wodini mpaka yakafika kitandani kwake, na sisi tuliokuwa tunapeleka chupa za uji ndio tulioyabeba.

Tarehe 21 Mei 2025, saa za kuona wagonjwa, Futi alimshika mama yake mkono akamwambia amsamehe, kwamba ni kweli amejichuria na ameiletea nyumba msiba, na dada yangu, nasoma hili kwa ruhusa yake na kwa amri yake, hakumjibu. Alinyoosha shuka, akapanga vidonge mezani, kwa sababu moyoni na yeye alikuwa na wasiwasi huohuo, kengele ya wageni kuondoka ikalia, akajiambia kwamba atamjibu kesho. Alfajiri ya tarehe 22 tukapigiwa simu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotupikia na kulala nasi msibani, mafundi wenzake na shemeji waliofunga vibanda vyao, walimu wake, na wanafunzi wenzake, hawa hasa, kwa kuwa jana dada yangu aliwaomba walete ule mfano wa kadibodi, ukawekwa juu ya meza ileile alipoufukuza, akamuuliza mwalimu ni kipi kati ya hivi kinaweza kufanyika kabla ya mazishi, akajibiwa njia tu, tena si yote. Wakaenda na majembe, mlinzi wa makaburi akawafungulia, mama yake akashika kamba ya kupimia upande mmoja na mwalimu upande wa pili, wakaisafisha na kuisawazisha kwa upana uleule aliouchora, ila wamefika kwenye kona ya ukuta tu, mbele ya hapo makaburi ya zamani yamekaribiana, kwa hiyo vijana mtakaobeba, mpaka kwenye kona mtapita mkiwa wima na jeneza mabegani, baada ya kona mtalishusha na kupita kwa ubavu, mtabanana, na kubanana huko ni deni letu sisi, wala msimlaumu mlinzi.

Limebaki jambo moja, amelisema mama yake na mimi nalisoma kwa niaba yake. Mwanangu Futi, uliniomba nikusamehe, nikanyoosha shuka. Hukujichuria. Hukuita kitu. Ulituchorea pa kupita, na mimi nilichelewa kukujibu. Nenda, mama, ukapumzike.