Utando wa Arlette

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kulia pamoja nasi, huyu tunayemzika leo ni Arlette Kalenga, aliyezaliwa Kambove tarehe 9 mwezi wa tatu 1986, binti wa fundi wa mgodi, akasoma shule ya msingi huko huko, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari hapa Likasi mwaka 2004, kisha akamaliza kemia Lubumbashi mwaka 2010.

Mwaka 2011 aliingia kazini katika maabara ya kiwanda cha madini cha Shituru, hapa hapa Likasi, na tarehe 18 mwezi wa nane 2012 alifunga ndoa na mwalimu Hilaire Kapend, Mungu akawapa Shalom, 2014, na Danielle, 2017.

Kazini ndipo aliposhikwa na jambo lililomkosesha usingizi, yaani chembe laini kama jeli, ndogo mno, ambazo zikitua mahali maji na mafuta yanapokutana hujipanga zenyewe, zikibanana na kubonyeana hadi kuwa utando mmoja, bila mkono wa mtu. Kwa kuwa kiwandani mashine hutikisa kila kitu, aliweka beseni lake la kioo, lenye maji na mafuta, chumba cha nyuma, nyumbani kwao mtaa wa Panda, watoto wakakatazwa kukimbia humo, na sisi ndugu tukamcheka kwamba anafuga maji. Hakutujali, maana utafiti wake wote wa shahada ya udaktari wa kemia ulikuwa juu ya utando huo, nao ulikuwa ukiharibika mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni mwa 2025 ukatulia vizuri, akabaki kumngoja Evariste, mwenzake wa Lubumbashi, aje na vyombo vya kuupima.

Mwezi wa nne figo zikamwangusha, akalazwa. Kila Hilaire alipoingia, kabla ya salamu, Arlette alimuuliza: "Ile mayi yangu, hawakuigusa?" Naye alimjibu kwamba maji ya beseni yako vile alivyoyaacha.

Kisha madaktari wakatupa tumaini la kumrudisha nyumbani, na Josée, dada yake Hilaire, alipokuwa akimsafishia nyumba, akaona maji yaliyosimama na mafuta juu yake, akayamwaga, akasugua beseni likang'aa. Josée hana kosa, yeyote kati yetu angefanya vile vile. Lakini Hilaire, alipoliona beseni tupu, alirudi hospitali akajibu kama kawaida, akaendelea kujibu hivyo mpaka tarehe 6 mwezi wa sita, asubuhi, Arlette alipokata roho. Evariste alifika kesho yake.

Kwa madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, kwa majirani wa Panda waliolala nasi nje, kwa wenzake wa maabara, tunasema aksanti sana. Hilaire ameomba neno lake lisomwe, maana mwenyewe hawezi kusimama: "Arlette, ile mayi waliimwaga, miye nilikudanganya, sikukuwa na moyo ya kukuambia."

Pumzika kwa amani, mama Shalom, ukiweza.