Ukoo wa Mkwe

Ndani ya treni ya kutoka Urambo, Bibi Josepha alimweleza binti aliyeketi karibu naye kuwa mjukuu wake ana saratani ya damu. "Imetoka ukoo wa mkwe wangu. Nilimwambia wazi."

Binti huyo, Advera, mtafiti wa damu, alikataa. "Hapana, bibi. Mara nyingi hairithiwi, huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa ya mtoto mwenyewe. Jeni nyingine zimeharibika, nyingine ni nzima ila zimezimwa. Tunajifunza kurekebisha zile na kuwasha hizi."

"Mtaweza?"

"Bado tuko maabara, lakini tutaweza."

"Na maneno niliyomwambia mkwe?"

Mimi, niliyeketi mkabala nao, nilijifanya nasoma gazeti.

Tabora, mkwe alikuwa akimsubiri, mtoto mgongoni. Josepha alitusukuma wote, akashuka wa kwanza.