Niliiogopa Mikono Yangu Mwenyewe, Mungu Akanipandisha Ndege

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Mlio karibu na mlango sijawasikia, labda ni joto. Bwana asifiwe sana! Mimi ni Mama Jilo, fundi wa cherehani, nashona mikoba ya leso kwenye duka moja pale Ndia Kuu. Wengi wenu mnaniita jina lingine ambalo mnadhani silijui: Mama Kiti. Nalijua. Nimewasamehe.

Haya, niwaambie hicho kiti kilitoka wapi.

Mwaka jana, Jilo akiwa na miezi saba, nilipanda naye tuktuk pale Mwembe Tayari. Nimempakata, namchezesha na kofia yake. Mkokoteni uliojaa madebe ya maji ukatuingia ubavuni, tuktuk ikapinduka. Ndugu zangu, mtoto alinitoka mikononi! Mimi mama yake mzazi nilimwona akienda na sikuweza kumdaka. Muuza kahawa ndiye aliyemwokota barabarani. Mungu ni mwema, mtoto alishonwa kidogo tu, na jioni alikuwa anacheka. Lakini mimi sikupona.

Tangu siku hiyo sikumpakata Jilo kwenye kitu chochote chenye magurudumu. Nilimsumbua Baba Jilo mpaka akanitafutia kiti cha gari cha watoto, cha mtumba, kikubwa, kizito, chenye mikanda ya kumfunga mtoto mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Gari hatuna. Baiskeli hatuna! Mwanaisha, ninayeshona naye dukani, alicheka hadi akatoa pini mdomoni asije akazimeza.

"Mama Jilo, leseni huna, gari huna, kiti ushanunua! Na petroli utaitia wapi?"

Cheka tu, nikamwambia.

Nilimfunga Jilo humo nikishona. Nilimfunga akinywa uji. Nilikuja naye kanisani humo, mkaona kwa macho yenu. Na leo nitubu mbele zenu: ile chupa ya mafuta ya upako niliyopewa hapa kwenye maombi, niliimalizia yote kwenye kile kiti. Nilipaka mikanda, nilipaka vifungo, mpaka Baba Jilo akaniuliza kama nataka kukikaanga. Wakati ule ukiniuliza tegemeo langu ni nani, mdomo ungesema Yesu, lakini mkono ungeshika kiti.

Sasa mama yangu mzazi yuko Lamu, anaishi na kaka yangu Buya ambaye ni mwalimu kule. Macho yake yalikuwa yakififia, na daktari alisema wazi kwamba hayatarudi. Mjukuu wake hakuwa amemshika hata siku moja. Kila akipiga simu ni neno hilo hilo: "Mniletee nimwone kidogo." Mara mbili nilikata tiketi ya basi. Mara mbili nilishuka kabla basi halijaondoka, jasho linanitiririka, nikampigia mama nikamdanganya kwamba mtoto ana homa. Ile mara ya pili Kaka Buya aliniambia mama alikuwa ameshaoga, amejitanda leso mpya, amekaa mlangoni tangu alfajiri. Nililia, lakini sikwenda.

Mwezi uliopita kaka akapiga tena. Jicho moja limeshazimika, la pili linaona vivuli tu. Baba Jilo akasema, "Basi panda ndege. Hewani hakuna mikokoteni." Nanyi akina mama wa hapa mkatushika mkono kwa nauli, Mungu awazidishie.

Asubuhi ya safari nilimfunga Jilo kwenye kiti chake ndani ya teksi, tukavuka Makupa salama hadi uwanja wa ndege. Nikajiambia, kiti kitaingia ndegeni, nitamfunga mtoto, nitafumba macho, nitafumbulia Lamu. Nafasi yake nilikuwa nimeshailipia. Lakini ndege yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa ndogo! Viti vyembamba. Dada mmoja mhudumu akakijaribu kile kiti, akakigeuza huku, akakigeuza kule, akashindwa.

"Mama, hakiingii," akasema kwa upole. "Kitakwenda nyuma na mizigo. Mtoto hajafika miaka miwili, utampakata. Nitakupa mkanda mdogo unaoungana na wako."

Kumpakata! Nikasema basi, sisafiri, nirudishieni mkoba wangu. Nikakaa chini pale pale penye ngazi ya ndege, na gauni langu la Jumapili. Nikaomba, na sikuomba kwa maneno ya kupendeza kama Mama Mchungaji. Nilisema, "Bwana, mimi siogopi barabara wala ndege. Naogopa mikono hii. Ilimwachia mara moja." Hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata Baba Jilo.

Kufumbua macho, Jilo amesimama mbele yangu, ameinua mikono yote miwili. "Mama, beba!" Kila siku alikuwa akisema hivyo, na kila siku nilikuwa namfunga kwenye kiti. Mtoto niliyemwangusha, yeye mwenyewe hana kesi na mimi! Sikusikia sauti, wapendwa, wala sikuona mwanga. Nilimbeba tu, nikapanda ngazi.

Na Mungu naye ana vituko. Aliyekaa kando yangu alikuwa fundi wa mashine za boti kutoka Liwatoni, mwanamume wa miraba minne, anakwenda Lamu kikazi. Ndege ilipoanza kukimbia, akakamata kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Dada," akaniambia, "mimi tangu kuzawa kwangu sijapanda kitu hiki. Baharini nazama naibuka, sina wasiwasi. Hapa nikizama naibukia wapi?"

Nilicheka, nami nilikuwa sijacheka siku nyingi! Jilo akamshika kidole, akaking'ang'ania. Yule fundi anasoma dua zake, mimi naomba kivyangu, na mtoto anaimba kati yetu. Baadaye ndege ikaingia mawinguni, ikarukaruka, ikashuka ghafla mpaka tumbo likabaki juu. Nikangoja mikono yangu iachie. Haikuachia! Jilo alikuwa amelala fofofo, mate yamenilowesha kifua. Haleluya!

Na Lamu kwenyewe mnajua hakuna magari ya kupita vichochoroni. Tuliposhuka kwenye boti inayovusha abiria kutoka uwanja wa ndege, kiti kilibebwa na punda, na watu wakatufuata wakiuliza, "Mama, gari lenyewe liko wapi?" Nikawaambia linakuja nyuma.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nikamweka Jilo mapajani pake. Akampapasa masikio, shingo, magoti, akamnusa nywele. Kisha kidole chake kikasimama kwenye paji la uso, juu ya kovu.

"Hapa alifanya nini?"

Nilikuwa nimemficha muda wote huo. Nikasema, "Nilimwangusha, mama. Kwenye tuktuk. Alinitoka." Nikangoja anilaumu.

Mama akanyoosha mkono, akanitafuta kichwa, akapitisha vidole kwenye nywele zangu mpaka kisogoni, akabonyeza mahali penye kinundu. Nimeishi na hicho kinundu miaka yangu yote, wasusi hukilalamikia, nikidhani nilizaliwa nacho.

"Na wewe nilikuangusha," akasema. "Kwenye mtumbwi, tukivuka Tana. Baba yako mpaka anakufa sikumwambia."

Tukacheka, tukalia, Jilo naye akalia kwa sababu sisi tunalia.

Ndugu zangu, kiti bado ninacho. Jilo akipanda gari lazima akae humo na nafunga mikanda yote, kwa kuwa akili nayo ni zawadi ya Mungu. Ila mafuta ya upako sikimiminii tena. Kama uko hapa na kuna kitu kiliwahi kukutoka mikononi, na huthubutu kushika kingine, mwambie Mungu hivyo hivyo ilivyo. Usipambe maneno. Hakumwacha mwanangu barabarani, hakuniacha mimi chini ya ngazi ya ndege, nawe mtegemee. Namshukuru pia kwa ajili ya mama. Sasa haoni kabisa, lakini anawaambia majirani kwamba mjukuu wake ana masikio ya babu yake.

Nanyi akina mama, mlikuwa mkininyooshea mikono mnipokee mtoto, nasema amelala, kumbe macho yamemtoka hivi! Nisameheni. Ibada ikiisha, anayetaka kumpakata Jilo aje. Ni mzito siku hizi.