Aliyepima Njia kwa Miguu Yake

Wapendwa waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee historia ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Ramani.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati ya watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza sekondari mwaka 1974, na tangu utotoni alikuwa mdadisi kupita kiasi, mtu wa kumsimamisha mgeni njiani amuulize anatoka wapi, anakwenda wapi, na mbona hakupita upande wa pili.

Mwaka 1978 alihitimu chuo cha ardhi, akaajiriwa ofisi ya viwanja, ghorofa ya kwanza, na tarehe 12 Juni 1982 akafunga ndoa na mchoraji wa ofisi ya barabara, ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo, wenzao wakatania kwamba hilo ndilo jambo la kwanza ofisi hizo mbili kuafikiana, nao wakajaliwa watoto watatu.

Utani huo ulikuwa na ukweli, kwani mwaka 1989 marehemu alipanga viwanja mia tatu na arobaini pembezoni mwa mji, asipande ngazi kuuliza kama kuna barabara itakayofika huko, na watu walipokwisha kujenga ikabainika kwamba haipo, wala haimo kwenye mipango. Kaka alikiri kosa bila kumsukumia mtu, mwaka 1990 akahamishia familia yake mtaa huohuo, shemeji akanuna miezi kadhaa, na kwa miaka kumi na mmoja akatembea na majirani dakika hamsini hadi kituo cha basi, akiandika kila mmoja anakokwenda, mpaka tarehe 9 Septemba 2001, barabara iliyochorwa kwa kufuata maandishi hayo ilipofunguliwa na basi la kwanza likaingia mtaani. Baada ya hapo hakutia sahihi mpango wowote kabla ramani za ofisi zote mbili hazijabandikwa kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, ili mwanga uonyeshe zinapogongana.

Alistaafu mwaka 2016, akaanza kuugua figo Januari 2022, akafariki hospitalini tarehe 17 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotembea naye, wafanyakazi wenzake wa ghorofa zote mbili, na kwa namna ya pekee nesi aliyemhudumia siku ya mwisho, ambaye kaka alimuuliza anakaa wapi, na aliposikia kwamba hutembea dakika arobaini kulifuata basi, akaomba karatasi aanze kuchora. Mchoro haukufika mwisho. Mimi ramani sizielewi, na inaniuma kwamba sikuwahi kumwomba anifundishe, lakini jana niliikabidhi karatasi hiyo kwa mkuu wa ofisi yake.

Pumzika kwa amani, kaka, nesi ameahidi kuwaonyesha wenzako kipande cha njia kilichobaki.